Wasomaji Wanauliza: Herufi Kubwa na Nomino za Kiingereza

Mimi ni karani wa ofisi. Nikiandika "the manager" kwa herufi ndogo katikati ya sentensi, bosi ananirudishia barua na kusema namvunjia heshima. Nani yuko sahihi? – Karani, Morogoro

Wewe. Kwenye Kiingereza heshima haipimwi kwa ukubwa wa herufi. Cheo hupewa herufi kubwa kinapotangulia jina na kushikamana nalo, kama vile kimekuwa sehemu ya jina lenyewe: *President Nyerere*, *Professor Mushi*. Kikija baada ya jina, au kikisimama peke yake, kinarudi kuwa nomino ya kawaida: *Julius Nyerere was president of Tanzania from 1964 to 1985*. Kwa hiyo sentensi kama *Our Manager has approved the Budget*, ambayo ofisi zetu zimeizoea mno, ina herufi kubwa mbili za bure. Andika *Our manager has approved the budget*.

Kuna mahali bosi wako ataridhika bila kanuni kuvunjwa. Chini ya sahihi na kwenye anwani, cheo huandikwa kwa herufi kubwa: *Manager*, *Head of Finance*. Katika salamu vilevile: *Dear Sir or Madam*. Lakini kwenye kuagana ni neno la kwanza tu linalopata herufi kubwa, yaani *Yours faithfully*, *Kind regards*. *Yours Faithfully* ni kosa linalojirudia sana.

Mikataba ina utaratibu wake. Ukurasa wa kwanza ukishasema kwamba fulani ataitwa *the Tenant*, basi neno hilo libaki na herufi kubwa hadi mwisho, kwa maana linamtaja mtu huyo mmoja aliyeainishwa. Ukiteleza ukaandika *the tenant* kwenye kifungu cha tisa, umempa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuuliza kama ni mpangaji yuleyule. Baadhi ya ofisi za serikali nazo zimejiwekea kuandika *the President* au *the Minister* popote pale. Ukiandikia ofisi ya namna hiyo, fuata mtindo wao toka mwanzo hadi mwisho, usichanganye.

Mwalimu alisahihisha "my Mother" akaweka m ndogo, lakini kwenye kitabu nimeona "Mother" ina M kubwa. Ipi ni ipi? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisumu

Zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Toa neno hilo, weka jina la mtu mahali pake. *I asked Mother* inageuka *I asked Asha*, na sentensi inasimama vizuri: herufi kubwa. *My mother called* ingegeuka *My Asha called*, ambayo inachechemea: herufi ndogo. Dalili ya haraka ni kwamba palipo na *my*, *his*, *our* au *a* mbele yake, karibu kila mara ni ndogo. Ndiyo maana tunaandika *Uncle Juma* lakini *my uncle Juma*.

Ninaandaa vipeperushi vya safari za mbugani. Mito, milima, wanyama na pande za dunia vinanichanganya. – Mwongoza watalii, Arusha

Tuanze na maji na milima. Jina kamili lina herufi kubwa pande zote: *Lake Manyara*, *Mount Meru*, *Ngorongoro Crater*. Ukishalitaja mara moja na sasa unasema *the lake* au *the crater*, tumia ndogo. Ukitaja mawili kwa pamoja, wataalamu wenyewe hawakubaliani: mwongozo wa uandishi wa Chicago unaandika *Lakes Victoria and Tanganyika*, ule wa shirika la habari la AP unaandika *lakes Victoria and Tanganyika*. Chagua mmoja ubaki nao.

Pande za dunia zikionyesha uelekeo ni ndogo: *drive north from Arusha*. Zikiwa ndani ya jina rasmi ni kubwa: *South Africa*, *Northern Ireland*. Kaskazini mwa nchi yetu hakuna mkoa wala dola inayoitwa *Northern Tanzania*, basi ni *northern Tanzania*.

Kwa wanyama, vipeperushi vingi vimejaa *Lion*, *Elephant* na *Wildebeest*. Hao wote ni nomino za kawaida, waandike kwa herufi ndogo. Herufi kubwa inabaki kwenye kile kipande tu ambacho ni jina la mtu, watu au mahali: *Thomson's gazelle*, *Grant's gazelle*, *Masai giraffe*, *Nile perch*. Jina la kisayansi lina sheria isiyolegea: neno la kwanza kubwa, la pili ndogo, na yote kwa mlazo. Simba ni *Panthera leo*, kamwe si *Panthera Leo*.

Kwenye CV niandike "Mathematics" au "mathematics"? – Mtafuta kazi, Dar es Salaam

*Mathematics* na *history* ni ndogo ndani ya sentensi. *English* na *Swahili* ni kubwa daima kwa sababu ni lugha. Shahada ikitajwa kwa jina lake ni *Bachelor of Commerce*. Ikielezwa tu ni *a bachelor's degree in commerce*. Siku na miezi ni kubwa, majira ni madogo: *Monday*, *March*, *rainy season*.

Na vichwa vya habari? – Mhariri wa jarida la chuo, Zanzibar

Nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi vyote vinapata herufi kubwa. Ugomvi uko kwenye vihusishi: AP hukuza chenye herufi nne au zaidi, kwa hiyo *With* na *From*, Chicago, tangu toleo lake la 18 la mwaka 2024, huanzia herufi tano, kwa hiyo *with* lakini *About*. Wengi hukosea *is* na *are*. Ni vifupi lakini ni vitenzi, hivyo *Water Is Life*, si *Water is Life*.

Nina orodha ya mamia ya majina kwenye Excel, yote kwa herufi ndogo. Je, fomula ya PROPER inatosha? – Mwalimu wa taaluma, Iringa

Inakupa robo tatu ya kazi, iliyobaki ni ya macho yako. PROPER hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi, na alama ya ritifaa imo. Hivyo *st. mary's* inatoka *St. Mary'S*, na *mang'ula* inatoka *Mang'Ula*, jambo linaloharibu majina yetu mengi yenye ng'. Vifupisho navyo vinaumia: *necta* inakuwa *Necta* badala ya *NECTA*. *bank of tanzania* inakuwa *Bank Of Tanzania*.

Fanya hivi: weka PROPER kwenye safu mpya, nakili, kisha bandika thamani tu ili fomula iondoke. Bonyeza Ctrl+H, fungua Options, weka alama kwenye Match case. Badilisha *'S* kuwa *'s*, halafu *Of* yenye nafasi pande zote mbili kuwa *of*. Kwa ng', tafuta *g'* ikifuatwa na kila irabu kubwa, moja baada ya nyingine: *g'A*, *g'E*, *g'I*, *g'O*, *g'U*, na usisahau *g'W* kwa ajili ya akina Ng'wandu. Vifupisho virekebishe kwa mkono.