Maswali na majibu: Kikohozi cha mzee kipimwe

Mama ana miaka 74. Amekonda, hali chakula vizuri, na akitembea kidogo anahema. Hatemi damu wala hana homa. Inaweza kuwa TB? (Tanga)

Inaweza sana. TB tunayoijua wengi ni ya kijana: kikohozi kikali, damu, homa za jioni, jasho la usiku mpaka shuka linalowa. Kwa mzee kinga imechoka, haipambani kwa nguvu ile, kwa hiyo dalili hizo huwa hafifu au hazipo. Unabaki uchovu, kukonda, kukosa pumzi, wakati mwingine kuchanganyikiwa. Hata eksirei hudanganya. Kijana mara nyingi huonekana na matundu juu ya pafu. Kwa mzee doa laweza kuwa chini, likadhaniwa nimonia. Ananunuliwa amoksilini dukani, halafu nyingine, huku nyumbani wanasema "ni uzee tu". Uzee haukondeshi mtu namna hiyo! Makohozi yake yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB, wiki hii, na sukari pia, maana kisukari na TB huandamana.

Hatoki nyumbani. Nani kamwambukiza? (huyohuyo)

Huenda aliambukizwa ujanani. Vimelea hulala mwilini miaka mingi, kinga ikishuka vinaamka. Acheni kumtafuta mchawi.

Nimemaliza miezi miwili, sikohoi tena. Niache dawa? (Mwanza)

Hapana. Miezi 6. Swali hili naletewa kila mara na jibu halijabadilika.

Baba ameanza dawa, mkojo umekuwa rangi ya chungwa na anatapika. Tusimamishe? (Dodoma)

Mkojo usiwatishe, hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za TB. Kutapika ndiko kunakonipa wasiwasi. Dawa hizi huweza kuumiza ini, na wazee huumizwa zaidi kuliko vijana. Arudi kliniki leo, hasa macho yakiwa ya manjano. Daktari ndiye aamue kusimamisha. Abebe na vidonge vyake vyote, vya kisukari na vya kuzuia damu kuganda, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yake. Nanyi mabinti mnaotibiwa TB, hamkuuliza lakini sikieni: hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Mjukuu wa miaka 3 analala na bibi yake aliyekutwa na TB. Ana kovu la BCG, chanjo ya TB, hivyo yuko salama? (Mbagala)

Hayuko salama. BCG humkinga zaidi na TB kali, ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwilini, tena si kwa uhakika wote. Chini ya miaka 5 ugonjwa huenda mbio. Mtoto huyo hatemi makohozi, huyameza, ndiyo maana choo chake huweza kupimwa. Mpelekeni kesho, hata akiwa anacheza vizuri. Asipokutwa na ugonjwa atapewa dawa za kinga, na katika vituo vya serikali hazilipiwi. Leo usiku alale chumba kingine, na dirisha la bibi libaki wazi.