Bajaji iliyolala huibwa kwa kusukumwa

Asubuhi ile nilikuta mnyororo wangu upo na kufuli lipo, halina hata mkwaruzo. Tairi la mbele nalo lilikuwepo, limefungwa barabara kwenye nguzo kama nilivyoliacha usiku. Bajaji ndiyo haikuwepo. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, nikaangalia tairi, nikaangalia nguzo, akili ikagoma kabisa kukubali.

Fundi wangu alipofika aliinama, akaokota nati moja iliyoanguka mchangani, akanionyesha. "Kaka, hapa umefunga tairi, hukufunga bajaji." Magurudumu matatu ya bajaji kama yangu ni saizi moja, na tairi la spea linakaa mle mle ndani. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, na mimi nilizungusha mnyororo kwenye tairi peke yake, bila kuukumbatisha ile shingo ya chuma inayoshuka kutoka kwenye usukani. Mwizi alifungua nati kwa wili spana, akalivua lile lililofungwa, akavalisha la spea, akasukuma. Hakuhitaji kukata kitu.

Niliipata siku ya tatu imetelekezwa, haina betri wala kiti cha abiria. Wengi hawapati hata hicho, na wengine ilikuwa bado ya mkopo. Ndiyo maana naliandika hili kwa urefu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani mwizi anataka kuwasha injini. Bajaji iliyolala haina haja ya kuwashwa. Pikipiki ya magurudumu mawili ikisukumwa inataka kuanguka, lakini bajaji inasimama yenyewe: mmoja anashika usukani, mwenzake anasukuma nyuma, na wewe uliyelala hatua kumi kutoka hapo husikii kitu. Wakishafika mbali ndipo wanakata waya za swichi na kuunganisha dairekti, au wanaipakia kwenye gari. Kwa hiyo jiulize kwanza: nini kinaizuia isiviringike?

Gia haiizuii. Ukiiacha kwenye gia, mtu anabana klachi, anazungusha mshikio wa kushoto wa usukani mpaka nyutro, basi. Hendibreki ni hivyo hivyo, inaachiwa kwa mkono mmoja. Loki ya usukani, kama yako inayo, ifunge kila mara, ila watu wawili wenye nguvu wakiinua pua ya bajaji inaenda kwa magurudumu ya nyuma kama mkokoteni. Na zile kufuli ndogo za kubana diski ya breki usizinunue kabla hujatazama magurudumu yako, maana bajaji nyingi zinatumia breki za dramu, zilizofichwa ndani ya gurudumu bila diski, na kufuli hiyo haina pa kushika.

Kinachozuia ni mnyororo mnene uliopita kwenye kitu kisichofunguliwa kwa spana, kisha ukafungwa kwenye kitu kisichong'oka. Mbele, naupitisha nyuma ya ile shingo, nazungusha na tairi kwa pamoja, halafu kwenye nguzo. Nyuma naweka wa pili, unaopita kwenye chuma cha fremu, kamwe si kwenye bomba la turubai wala kwenye bampa, kwa sababu hivyo hukatwa kwa msumeno wa chuma au hufunguliwa bolti. Pale pasipo na nguzo, nilichimba shimo, nikamwaga zege na kuzamisha pete ya nondo nene iliyopindwa. Nondo ikiishia juu juu itang'olewa. Miguu yake ipindwe na izame ndani ya zege.

Kuna jambo dogo kwenye mnyororo ambalo watu hulipuuza: usiuache ulale chini. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma unapata nguvu pale mkono wake mmoja unapoegemea ardhi na mwizi anakandamiza mwingine kwa uzito wa mwili. Mnyororo uliokazwa juu, usiolegea, unamnyima egemeo hilo, na kufuli nalo halipati sakafu ya kugongewa nyundo. Tundu la ufunguo nalielekeza chini ili mvua isiingie.

Halafu geuza pua iangalie ukuta, karibu kabisa. Mwizi atalazimika kuivuta kinyumenyume kabla ya kuigeuza, na huo ni muda na kelele. Mkiwa wawili watatu mnaolaza sehemu moja, zibaneni pamoja, ya mwanzo kutoka asubuhi iwe ya nje. Taa ya nje inasaidia kama kuna jicho la kuona kile inachomulika. Uchochoro wenye taa usio na watu unammulikia mwizi nati.

Sasa injini. Swichi ya siri inayokata umeme wa kuwashia injini ni kitu kizuri na rahisi, mradi isikae chini ya kiti cha dereva, maana hapo ndipo kila mtu anapopapasa kwanza. Kwenye bajaji yenye kabureta funga pia koki ya mafuta: hata akiiwasha, itatumia yaliyobaki kwenye kabureta, itatembea kidogo na kuzima. Betri iwekee kifuniko chenye kufuli lake.

Kifaa cha GPS ninacho, na ninakipenda, lakini kisikufanye uache mnyororo. Chagua chenye betri yake ya ndani, kwa sababu mwizi mzoefu anachomoa betri kubwa kwanza kabisa. Laini yake ya simu iwe na salio au kifurushi. Nimeona mtu anafungua simu usiku wa wizi na kukuta mahali pa mwisho ni pa wiki iliyopita. Ikionyesha ilipo, nenda na polisi. Tafadhali usiende peke yako.

Mchana nako kuna wizi wa dakika moja: unashusha mzigo wa mteja hadi mlangoni, ufunguo umeuacha kwenye swichi. Chomoa, kila mara, hata kama ni hatua tano. Na ukibadilisha dereva, badilisha swichi na makufuli, hata kama mliachana vizuri. Ufunguo huchongwa, na anaweza kuwa nao mtu ambaye hata yeye hamjui.

Piga picha namba ya chesisi na namba ya injini leo, ukalinganishe na kadi ya usajili. Mimi kituoni niliulizwa namba ya chesisi na sikuwa nayo, kadi ilikuwa ndani ya bajaji. Kadi yako ibaki nyumbani, safiri na nakala pale sheria inaporuhusu.

Madereva huniuliza mnyororo uwe wa urefu gani. Usikadirie dukani. Chukua kamba, ipitishe nyuma ya shingo, izungushe na tairi, ifikishe kwenye nguzo au pete yako na uirudishe mpaka ncha zikutane bila kulegea. Kata hapo, uende nayo dukani.