Mtoto hajibu akisemeshwa chekechea

Dada wa Uyole, pole kwa wasiwasi. Umesema mwanao wa miaka 4 anaongea sana Kinyakyusa na bibi yake, ila chekechea ananyamaza mwalimu akimsemesha kwa Kiswahili. Tafadhali usimkataze bibi! Lugha mbili hazimchanganyi mtoto, na anayeingia kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya hata miezi kadhaa huku anasikiliza. Kupokezana maneno ameshajifunza kwa bibi. Kinachopungua ni Kiswahili chenyewe.

Msaidie mkiwa mnamenya viazi. Akisema "kiazi", ongezea: "Eeh, kiazi kikubwa! Tumpikie nani?" Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 5. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea, tunamjibia. Maswali ya ndiyo au hapana hayamfungui mdomo. Mwalike pia mtoto mmoja wa jirani wacheze baba na mama; humo ndimo wanamojifunza kuomba, kukataa na kupatana.

Ila kama haitiki hata bibi akimwita kutoka nyuma, mpeleke akapimwe masikio mapema. Mafua yasiyoisha, na baridi hii ya kwetu, yanaweza kuacha majimaji sikioni.