Biti ya dhahabu: kwa fundi unayeanza karakanani

Mdogo wangu, siku ya kwanza kwenye drili utakuta biti za rangi ya dhahabu, na mtu atakwambia hizo ndizo ngumu. Kuna ukweli, ila nusu. Rangi ile ni titani nitridi, kauri yenye unene wa mikroni 2 hadi 4 hivi, wakati unywele wako una kama 70. Kwa kipimo cha Vickers ugumu wake unapita 2000, na feleji iliyo chini yake iko kwenye 850 hivi.

Feleji hiyo ikiwa laini, kauri haikusaidii kitu. Ni ganda la yai juu ya godoro. Niliwahi kununua seti ya bei chee, inang'aa kama bangili za bibi harusi. Tundu la tatu tu makali yakalala. Nikasaga ncha kidogo rangi itoke, nikapitisha tupa: ikala kama inakata msumari. Kwenye biti iliyo ngumu kweli, tupa huteleza tu juu yake.

Rangi haikupi ruhusa ya kukimbiza mashine. Kwenye stenlesi, chuma kisichoshika kutu, biti ya milimita 8 iende mizunguko 400 hivi kwa dakika, ikandamize kweli, mafuta yasikatike. Ukiibembeleza izunguke bila kukata, stenlesi inakuwa ngumu zaidi pale pale, na hapo hata biti mpya itagoma.

Ikiwa butu, inoe. Wengi wanaogopa kwamba jiwe litamaliza kauri, lakini linaondoa ya ncha tu. Ile ya kwenye mfereji, nyuzi za chuma zinapopandia, inabaki na bado inateleza.

Biti zile nyeusi zenye urujuani zina alumini ndani ya kauri yake na zinavumilia joto zaidi. Kwenye kazi ya alumini ziache: alumini hunata kwenye makali. Chukua biti isiyopakwa kitu, iliyong'arishwa.

Ukipeleka kipande chako mwenyewe kupakwa kauri hii, uliza kwanza joto la chemba ya kupakia. Mara nyingi hufika nyuzi 450 hivi, na feleji uliyoizima kwenye mafuta ikiwa ya moto kisha ukailegeza kwa kuipasha nyuzi 200 tu itarudi imelainika. Kung'arisha nako ni kabla, si baada. Panchi yangu ya kwanza, chuma cha kutobolea, niliipiga msasa harakaharaka nikaipeleka. Ilirudi ya dhahabu safi, na kila mkwaruzo wangu umo, nao wa dhahabu.