Jibu: Kwa nini vikao vya halmashauri vilirudi ukumbini?
Ndugu, umeuliza kwa nini halmashauri yenu huko England iliwarudisha madiwani ukumbini mwaka 2021, wakati masharti ya UVIKO-19 ndiyo kwanza yalikuwa yanalegezwa. Sababu ni ya kisheria: kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu vikao kwa njia ya video zilihusu vikao vya kabla ya tarehe 7 Mei 2021 tu, na Mahakama Kuu ilikataa kuitafsiri sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 kwa namna ambayo ingeendeleza utaratibu huo. Kwa kweli inasikitisha, hasa kwa wakazi wagonjwa, maana Wales imeuruhusu kwa sheria ya kudumu. Hata hivyo, anayelazimika kuwapo ukumbini ili apige kura ni diwani. Wewe unaweza kufuatilia mtandaoni endapo kikao kinarushwa, kwa hiyo iulize mapema ofisi inayoratibu vikao.