Kutoka Kilimanjaro hadi Mafia: Pima Begi Kabla Hujatoka Moshi

Ukishuka Marangu au Machame na moyo uko baharini, tatizo lako la kwanza ni kilo. Ndege nyingi za Dar kwenda Mafia ni Cessna Caravan, na kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria. Buti zilizolowa, koti la baridi na begi la kulalia vinakumaliza kabla hujaweka hata kanga. Sanduku gumu nalo ni balaa: sehemu ya mizigo chini ya ndege ni nyembamba, begi laini linasukumika ndani, sanduku halikunjiki.

Kwa hiyo gawa mzigo mapema. Vitu vya mlimani viache Moshi kama utarudi. Kama hurudi, viache hoteli ya Dar utakayolala. Mtungi wa gesi ya jiko haupandi ndege kabisa, na fimbo za kupandia zinakwenda na mizigo. Pawabenki ikae begi la mkononi.

Basi la Moshi–Dar linakula mchana mzima. Kata tiketi ya saa 12 asubuhi, na usithubutu kuliunganisha na ndege ya siku hiyohiyo. Ukishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, mwambie dereva wa teksi apite Malamba Mawili na Kinyerezi; foleni ya Ubungo waachie wenyewe. Lala karibu na uwanja. Kesho yake taja Terminali 1, lile jengo la zamani, la sivyo utashushwa Terminali 3 huku ndege yako inaita abiria upande mwingine.

Ndege ikikosekana, kuna boti za kutoka Nyamisati, bandari ya bara, hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Magari ya Nyamisati yanapatikana Mbagala, ila uliza saa ya boti siku moja kabla, si asubuhi ile.

Wazamiaji, mlima utangulie. Ukizama, naitrojeni hubaki mwilini na hutoka polepole. Ukipanda juu haraka, kwa ndege au mlimani, inafanya mapovu, na hapo ndipo viungo vinapouma, au pakubwa zaidi, mtu anapooza. Acha saa 24 kati ya mzamo wa mwisho na ndege, hata kama ndege inaruka chini. Siku hiyo usiipoteze: kati ya Oktoba na Februari papa potwe huonekana upande wa Kilindoni, na kuogelea nao juujuu kwa miwani na mrija hakuna madhara. Ila ukilala Utende, kijiji kilicho ndani ya hifadhi ya bahari ya Mafia, tunza risiti ya ada ya hifadhi, maana getini wataitaka.