Lengo la Kozi ya Mtandaoni Haliishii Kwenye Kitenzi

Msomaji ameuliza kwa nini wanafunzi wake hupata 90 kwa 100 kwenye majaribio, kisha hukwama kwenye kazi ya mwisho. Tatizo hilo huanzia kwenye malengo, yaani maelezo ya kile mwanafunzi atakachoweza kufanya baada ya somo.

Wengi tunayapanga kwa ngazi za kufikiri za mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizorekebishwa na Anderson na Krathwohl mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Ngazi hizo ni nzuri mno. Tunachokosea ni kudhani kwamba ukiandika "atachanganua", basi lengo limeshapanda. Kinachopandisha lengo ni kazi anayopewa mwanafunzi.

Chukua somo la majedwali ya kompyuta. "Mwanafunzi ataelewa fomula" halipimiki. Mtaalamu wa mafunzo Robert Mager, mwaka 1962, alitaka lengo litaje hali ya kufanyia kazi, tendo linaloonekana na kiwango cha kufaulu. Basi andika hivi: "Akipewa orodha ya mauzo yenye mistari 200, ataandika fomula ya kujumlisha mauzo ya kila mwezi ndani ya dakika 15, na jumla zote 12 ziwe sahihi."

Hiyo ni ngazi ya kutumia. Lakini ukimpa orodha ileile iliyoonekana kwenye video, umemrudisha kwenye kukumbuka, maana atanakili fomula ilivyo. Hamisha safu wima, ongeza mistari, weka tarehe mbili tatu zilizoandikwa kama maneno. Hapa ndipo kozi nyingi huvuja, na alama za majaribio haziwezi kukuonyesha.

Maswali ya kuchagua jibu yasidharauliwe. Mwonyeshe jumla yenye kosa na fomula nne, aseme ni ipi iliyoleta kosa hilo, amechanganua. Kubuni tu ndiko yasikofika, kwa kuwa jibu limeshaandikwa.

Kwa majibu marefu, tumia SOLO, mfumo wa kupima ubora wa majibu wa Biggs na Collis (1982). Huangalia jibu lenyewe: halijagusa hoja, lina hoja moja, lina hoja kadhaa zilizotawanyika, limeziunganisha, au limezipeleka kwenye hali mpya. Ngazi tano hizo zinatosha kuwa mwongozo wa kusahihisha.

Anza na kazi ya mwisho, ndipo uandike malengo matatu hadi matano kwa moduli, kisha urekodi. Video isiyo na lengo iondoe, hata kama ilikuchukua siku mbili.